Muulize Fundi: Themostati ya Toronto katika Ukuta wa Mbweni

SWALI: Assalaam alaykum. Nyumba yetu ina kiyoyozi kimoja kikubwa kilichofichwa darini, nacho husambaza baridi vyumbani kupitia matundu yaliyo juu ya kuta. Kinaendeshwa na themostati ya zamani, yaani kidude cha kupima joto na kuiamrisha mashine iwake au izime, iliyofungwa ukumbini. Tangu kaskazi ilipoanza, themostati hiyo inaonesha nyuzi 29 hata tunapojifunika shuka kwa baridi, na mashine haizimiki usiku kucha, kiasi kwamba umeme wa Tukuza tunaununua mara mbili ya zamani. Kaka yangu anayeishi Toronto ametuletea zawadi ya themostati mpya ya kuunganishwa na intaneti. Fundi wetu ameifungua akakuta skrubu za kufungia waya zenye herufi R, C, W, Y na G. Anasema kuwa waya mwekundu uliomo ukutani bila shaka ndio wa R, na nyaya zilizobaki atazijua kwa kujaribu. Je, tumruhusu? (Msomaji, Mbweni, Unguja)

JIBU: Wa alaykum salaam. Msimruhusu, na ikiwa ameshaanza, nendeni mkazime breka ya kiyoyozi, yaani swichi yake ya kukatia umeme, kabla ya kumaliza kusoma jibu hili.

Themostati hiyo imetengenezwa kwa nyumba za Canada na Marekani, ambako kwa kawaida mashine ya baridi na joto huwa na transfoma ndogo inayoshusha umeme hadi volti 24, na ni umeme huo mdogo tu unaofika kwenye themostati. R ni waya unaoleta hizo volti 24, na C ni waya wa kurudishia, ambao ndio unaoiwezesha themostati ya intaneti kubaki hai saa zote. Y huiamrisha kompresa, G huamrisha feni, na W huwasha mtambo wa kupasha nyumba joto, jambo ambalo sidhani kama kuna mtu wa Mbweni aliyewahi kulihitaji. Kwenu, kwa jinsi mlivyoeleza, nyaya zinazofika ukutani karibu kwa hakika zinabeba volti 230 moja kwa moja: waya wa moto unaoleta umeme, nyutro ya kuurudisha, nyaya za kasi tatu za feni na mmoja wa kuamrisha baridi. Volti 230 zikiingia katika kifaa cha volti 24, bodi yake itaungua papo hapo, na hilo ndilo tokeo dogo. Kubwa ni moto kuanzia ndani ya ukuta usiku mkiwa mmelala.

Rangi ndiyo iliyomponza fundi wenu. Katika utaratibu wa zamani wa Kiingereza, ambao bado unaonekana katika nyumba zetu nyingi, waya mwekundu ni wa moto na mweusi ni nyutro. Katika utaratibu wa sasa, wa moto ni wa kahawia na nyutro ni wa buluu. Kwa Wamarekani, waya wa R nao kwa desturi huwa mwekundu. Rangi ni ile ile, lakini umeme uliomo unazidiana karibu mara kumi. Aidha, mafundi waliopita huenda walitumia kipande chochote walichokuwa nacho mkononi. Kwa hiyo waya hutambuliwa kwa kupimwa kwa mita ya umeme na kwa kufuatwa hadi unakofungwa upande wa mashine.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe, kwa sababu nina shaka kama mnahitaji themostati mpya. Themostati haijui hali ya chumba. Inajua joto la pale ilipo tu. Katika nyumba yenye mashine darini, nyaya huteremka ndani ya paipu ya plastiki inayoanzia juu, chini ya bati, na kutokeza nyuma ya themostati. Mchana wa kaskazi hewa ya chini ya bati huwa kama ya tanuri, na joto lake hubaki darini hadi usiku mwingi. Mashine inapofyonza hewa ya ukumbini ili kuipoza, hewa ya darini nayo huvutwa kupitia paipu hiyo na kuipulizia themostati mgongoni. Ninyi mnatetemeka, yenyewe inaona joto, na mashine haipati amri ya kupumzika.

Jaribio lake ni rahisi. Mashine ikiwa inafanya kazi, washeni kijiti cha udi na mkishike karibu na ukingo wa themostati bila ya kufungua kitu. Moshi ukipanda wima, hewa imetulia. Ukisukumwa mbali na ukuta, mmeshampata mwizi. Kisha tundikeni kipimajoto cha kawaida kando yake, kiasi cha shibri mbili, mkisubiri dakika ishirini hivi. Kipimajoto kikisema 24 na themostati ikisema 29, zimeni breka, hakikisheni kwa mita kuwa umeme haupo, fungueni themostati, na mzibe mdomo wa paipu kwa silikoni kuzunguka nyaya. Mengi ya malalamiko ya aina hii huishia hapo, kwa gharama ya tyubu moja ya silikoni.

Kama moshi umetulia na tofauti ya vipimo bado ipo, tazameni mahali ilipofungwa. Ukuta unaopigwa na jua la alasiri haufai, wala juu ya televisheni, wala nyuma ya mlango, wala mkabala na tundu linalopuliza baridi, kwani hapo itazima mapema na vyumba vya mbali vitabaki na joto. Urefu unaofaa ni kiasi cha mita moja na nusu kutoka sakafuni, katika ukuta wa ndani ambao hewa ya chumba huupitia. Tazameni pia kutu ya kijani kwenye skrubu. Chumvi ya bahari haina huruma na shaba.

Ikithibitika kuwa ya zamani imekufa, nunueni themostati ya volti 230 yenye kasi tatu za feni. Zipo pia zinazounganishwa na intaneti, kwa hiyo ladha ya zawadi haitapotea yote. Someni ampea zake: amri ya kompresa ipitie kwenye kontakta, yaani swichi nzito inayowashwa kwa umeme, kwa kuwa themostati ya ukutani haikuumbwa kubeba mzigo wa kompresa. Kabla ya kufungua waya hata mmoja, pigeni picha ya zilivyofungwa na mzipachike vipande vya karatasi vyenye majina. Kaka mwambieni ukweli kwa upole. Hiyo yake akiirudisha Toronto itamfaa.

SWALI: Mimi ni mama muuza barafu na juisi. Friza yangu iliharibika, fundi akaniambia ni themostati, akabadilisha. Sasa inawaka, lakini inajizima mapema na barafu hazigandi hata nikizungusha kitufe hadi namba ya mwisho. Fundi anasema gesi imepungua, niongeze pesa. (Msomaji, Wete, Pemba)

JIBU: Mama, pesa usiongeze kwanza. Gesi ikipungua, friza kwa kawaida huunguruma bila ya kupumzika kwa sababu haiufikii ubaridi inaoutafuta. Yako inapumzika mapema, maana yake inaamini kuwa imeshafika. Ninachokishuku ni kwamba umefungiwa themostati ya friji. Kwa macho zinafanana kabisa, lakini ya friji hukata umeme mapema mno kwa kazi yako, ambapo friza inatakiwa ifike nyuzi 18 chini ya sifuri. Mwambie fundi akuoneshe namba iliyochapwa kwenye mwili wa kile alichokifunga na kile alichokitoa. Kwa mfano, katika themostati za Ranco, K59 ni ya friji na K54 ni ya friza. Namba zisipowiana, kosa ni lake na gharama ni yake.

Namba zikiwa sawa, aangalie ule mrija mwembamba wa shaba unaotoka kwenye themostati. Ncha yake lazima iingie yote katika kitundu ilimokuwa ya zamani. Ikigusa mahali pasipostahiki, inasoma ubaridi usio wa friza yenyewe. Mrija huo haukatwi wala haukunjwi kwa ghafla, kwani ndani yake mna gesi yake yenyewe, na ikivuja themostati haitawasha tena. Na umeme ukikatika ukarudi, subiri dakika tano ndipo uchomeke, kompresa isije ikaungua ukalazimika kunitafuta tena kwa shida kubwa zaidi.

SWALI: Hita yetu ya maji ya bafuni inakata kila baada ya siku chache. Nikibonyeza kile kitufe chekundu inarudi. Jirani amenishauri niunge nyaya ili kitufe kirukwe. Ni sawa? (Msomaji, Mkunazini, Unguja)

JIBU: Si sawa hata kidogo. Kitufe hicho ni ulinzi wa pili, kinachokata umeme baada ya themostati yenyewe kushindwa kukata. Ukikiruka, maji yatachemka ndani ya tangi lililofungwa, na valvu ya usalama ikiwa imeziba kwa chokaa, tangi linaweza kupasuka. Maji yetu ya visima hutoka katika mawe ya chokaa, na ukoko wake huvaa kipashio, yaani chuma kinachopasha maji, hadi kifuko cha themostati. Zima breka, acha maji yapoe, mwite fundi ayamwage, asugue ukoko, abadilishe themostati na aijaribu valvu kwa mkono. Baada ya hapo iweke kwenye nyuzi 60. Ikikata tena ndani ya wiki, kipashio ndicho cha kupimwa.