SIR4 imefutwa, mbona telomea hazijahama?

Ndugu, umefuta jeni ya SIR4 kwenye hamira, lakini telomea, yaani ncha za kromosomu, bado zimeng'ang'ania ukingo wa kiini cha seli. Usitupe data yako. Kwa kawaida protini ya Sir2 huondoa alama za asetili kwenye histoni (protini ambazo DNA hujizungushia), protini za Sir3 na Sir4 zikakamata kromatini (DNA pamoja na histoni zake), kisha Sir4 hujifunga kwa Esc1, protini iliyoko ukingoni. Ila kuna nanga ya pili, protini ya Ku, na hiyo hujaigusa.

Futa YKU70 pia, jeni ya sehemu mojawapo ya Ku, ila usikuze seli hizo kwenye nyuzi 37; zitadumaa. Zihesabu seli za hatua ya G1 (kabla ya DNA kunakiliwa) na za S (wakati inanakiliwa) kando. Ukigawa kiini kanda tatu za eneo sawa, asilimia 33 ya telomea kwenye kanda ya ukingoni ni bahati tupu. Takwimu zikikuchanganya, mwone mtaalamu wa hadubini kabla hujaandika ripoti.