Jibu kwa mleta mada: mdogo wako na nyumba ya fraterniti huko Marekani

Mleta mada, nimesoma swali lako na majibu yote yaliyofuata. Umesema mdogo wako anamaliza mwaka wa kwanza University of Illinois, pale Urbana-Champaign, na amewaandikia nyumbani kwamba mwakani anataka kutoka bwenini ahamie nyumba ya fraterniti, yaani chama cha udugu cha wanafunzi wa kiume. Baba yenu amesikia habari za viapo na herufi za Kigiriki mlangoni, akasema huo ni Freemason. Mama anauliza atakula nini na atalala salama? Wewe unataka kujua kama ni nafuu kweli kama dogo anavyodai. Wachangiaji wengi wamelishika la baba. Mimi nitalijibu upesi, halafu nikae kwenye la mama na lako, maana hayo ndiyo niliyoishi nayo.

Nilikuja huku na mume wangu kwa bahati nasibu ya viza, na kazi iliyotulea ni kupika katika nyumba ya sororiti, yaani vyama hivyohivyo upande wa wasichana, katika mji mmoja wa chuo hapa Illinois. Nilianza na kuosha masufuria, baadaye nikakabidhiwa jiko lote.

Haya, la baba. Vyama hivi kwa sura ya leo vilianzia Union College, mjini Schenectady, jimbo la New York, kati ya 1825 na 1827. Enzi hizo Marekani ilijaa vyama vya siri, na vijana wakaiga mtindo uliokuwepo: kiapo, nembo, salamu ya mkono ambayo mgeni haijui. Kuiga mtindo hakukuwafanya tawi la Wamasoni, yaani hao Freemason. Kimoja ndiyo kilianzishwa na wanafunzi Wamasoni, kinaitwa Acacia, University of Michigan mwaka 1904, na baadaye kikaanza kupokea hata wasio Wamasoni. Kwa upande mwingine kuna Alpha Lambda Mu, iliyoanzishwa na vijana wa Kiislamu pale University of Texas at Dallas mwaka 2013. Kwa hiyo baba asikilize jina la chama kwanza, kisha amuulize dogo wanaapa nini. Mambo ya ibada zao za ndani hatayasema yote, lakini misingi ya chama huwa imeandikwa wazi.

Sasa nyumba. Hapa ndipo ninapoona familia nyingi zetu zinapotea, kwa kuwa zinafikiri hii ni hosteli ya chuo yenye jina la kifahari. Pale Urbana-Champaign nyumba nyingi za fraterniti na sororiti ziko mitaani, kwenye viwanja vya watu binafsi, na chuo si mwenye nyumba. Mwenye nyumba kwa kawaida ni kampuni ndogo ya wahitimu wa zamani wa tawi lile la chama pale chuoni, watu wazima wenye kazi zao Chicago au kwingineko, wanaokutana mara chache kwa mwaka kuamua paa litengenezwe lini na kodi ipande kiasi gani. Vijana waliomo ndani ndio tawi. Makao makuu ya chama yako mji mwingine kabisa. Ni pande tatu, na chuo upande wa nne, na kila mmoja ana mamlaka yake. Mdogo wako akisaini mkataba, anasaini na wale wazee wenye nyumba, au na kampuni waliyoipa kazi ya kuisimamia.

Namna hii ilianza kwa dhiki ya vyumba. Vyuo vya karne ya 19 vilikuwa na mabweni machache na vingine havikuyataka kabisa, wanafunzi wakaachwa wajitafutie pa kulala kwa wenyeji. Vijana wa chama cha Chi Psi walijijengea kibanda cha magogo porini karibu na University of Michigan miaka ya 1840, kikiwa mahali pa kukutania tu. Wasichana wa sororiti ya Alpha Phi wakajenga nyumba yao wenyewe mjini Syracuse mwaka 1886. Vyuo viliona vimepunguziwa mzigo, vikaacha iwe hivyo. Ndiyo maana hadi leo chuo kinaweza kuwa na maelfu ya wanafunzi wanaolala katika majengo ambayo hakiyamiliki. Chuo cha mdogo wako kimejaribu kuweka mkono wake: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hulala bweni la chuo au nyumba binafsi iliyoidhinishwa na chuo, na baadhi ya nyumba za fraterniti na sororiti zimo katika idhini hiyo. Hata kama mdogo wako mwakani atakuwa wa mwaka wa pili, aulize nyumba yake ina idhini. Nyumba iliyokaguliwa na mtu wa nje ina maana kubwa.

Mama ameuliza chakula. Nyumba niliyopika mimi ilikuwa na wasichana wengi kuliko vitanda, kwa sababu wanachama wasiolala pale nao walikuja kula. Asubuhi kila mtu alijihudumia, mchana ni foleni ya haraka kati ya vipindi, jioni ndiyo meza. Jumatatu jioni ilikuwa siku ya mkutano wa tawi, wote wanavaa vizuri, wanakaa, wanaomba, wanaimba wimbo wao ndipo wanakula. Aliye darasani aliandika jina lake kwenye karatasi ya jikoni, nikamfunikia sahani na kumwekea kwenye friji. Nilijua nani hali nguruwe, nani anaumwa akila karanga, na nani ameacha kula tangu juzi. Huyo wa mwisho nilimwambia matroni. Nyumba za sororiti kwa desturi zina matroni, mama mtu mzima anayelala hapohapo, na niliyefanya naye kazi alikuwa na macho ya mama kweli. Vyombo vilioshwa na wavulana wa chuo ambao malipo yao yalikuwa sehemu fulani pesa, sehemu fulani chakula.

Nyumba za wavulana nyingi hazina matroni. Baadhi zinaye, na mama afurahi akisikia hivyo. Aulize pia jiko linafungwa lini. Jikoni kwangu tulipika hadi Ijumaa mchana, na hadi Jumapili jioni watoto walikula mikate na mayai waliyojikaangia. Mtoto wa Kiswahili aliyezoea wali kila siku ajiandae na wikiendi.

Kuhusu kulala, kuna jambo litakalowashangaza. Katika nyumba nyingi za zamani za Illinois na Indiana chumba ni cha meza, kabati na sofa tu. Wote wanapanda juu kulala katika bweni moja kubwa la vitanda vya deka, giza muda wote, kimya muda wote, madirisha wazi hata theluji ikianguka. Wanaliita bweni la baridi. Wanalala fofofo chini ya mablanketi ya umeme na wanalipenda. Mimi nilipoliona mara ya kwanza Januari niliwaza mapafu yao tu. Mdogo wako aulize kama nyumba hiyo ni ya namna hiyo kabla hajalipa.

Na ulizeni moto. Tarehe 12 Mei 1996, siku ya mahafali na Siku ya Akina Mama, nyumba ya Phi Gamma Delta pale Chapel Hill, North Carolina, iliungua na vijana watano wakafa. Nyumba haikuwa na vinyunyizi vya maji darini. Baada ya msiba ule mji uliweka sheria kwamba nyumba zote za fraterniti na sororiti zifungwe vinyunyizi, na miji mingine ikaanza kubana. Lakini Marekani ni nchi ya miji mingi, kila mmoja na sheria zake, na majengo haya mengi yana umri wa miaka themanini, mia moja, ngazi za mbao na nyaya za zamani. Akienda kutembelea, ainue macho darini kila chumba. Akiviona vile vichwa vidogo vya chuma, atulie. Asipoviona, na mlango wa dharura umezibwa na sofa, basi arudi bwenini, udugu utasubiri.

Salama ya mama ina upande mwingine, ule wa wakubwa kuwatesa wapya. Sisi tuliosoma bweni tunajua njuka anavyofanywa, lakini hapa huingia pombe, na pombe kali ikilazimishwa kwa kijana wa miaka 18 au 19 inaua. Februari 2017 pale chuo cha Penn State kijana mgeni katika nyumba ya Beta Theta Pi alinyweshwa, akaanguka ngazini, na wenzake hawakuita gari la wagonjwa hadi asubuhi. Akafa. Nyumba ile ilikuwa imetangazwa kuwa haina pombe, na kulikuwa na mtu mzima anayeishi humo. Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu wazazi wetu wakiona karatasi yenye kanuni nzuri huridhika. Sororiti zilizo katika baraza lao kubwa la taifa haziruhusu pombe ndani ya nyumba, na zile ninazozijua zililifuata hilo, ingawa wasichana walienda kunywea kwa wavulana. Kuna msaada mpya: mwishoni mwa 2024 ilisainiwa sheria ya taifa inayovitaka vyuo viweke hadharani taarifa za vyama vilivyopatikana na hatia ya kuwatesa wanachama wapya. Tafuteni ukurasa huo wa chuo chake, someni jina la tawi lake. Ikiwa limo, mjadala umekwisha.

Sasa la kwako, la pesa. Dogo amekupa bei ya chumba na chakula, na hiyo mara nyingi kweli huwa chini ya bweni la chuo. Hajakuambia michango ya uanachama, ada ya kuingizwa, bima, picha ya pamoja ya kila mwaka, fulana za kila sherehe, na mchango wa ukarabati. Nyingi ya nyumba hizi humtaka mwanachama alale ndani angalau mwaka mmoja, maana mkopo wa jengo unalipwa na vitanda vilivyojaa. Asiyelala hulipa ada ndogo ya kutumia sebule na meza. Mwambie alete jumla ya mwaka mzima ikiwa kwenye karatasi, iliyotoka kwa mweka hazina.

Mpwa wangu alisoma jimbo jingine. Katikati ya mwaka makao makuu ya chama chake yalilifungia tawi kwa makosa ya wachache, na mkataba wake ulisema haki ya kukaa inakwisha tawi likifungwa. Wakapewa wiki chache kuondoka, kwenye baridi, vyumba vya mji vimeshapangishwa tangu Oktoba. Alilala kwenye kochi letu wakati wa likizo, na pesa yake ilirudi nusu, baada ya barua nyingi. Kwa hiyo kifungu hicho kisomwe kabla ya kingine chochote: tawi likifungwa, mpangaji anakwenda wapi na pesa yake inakwenda wapi? Bodi yenye heshima huwa imeandika jibu.

Vyuo kadhaa vimejaribu kumaliza utata huu kwa kujenga vijiji. University of South Carolina, mjini Columbia, ilitenga ardhi yake, vyama vikajenga nyumba kubwa juu yake kwa mkataba wa ardhi. Chuo kikiwa na ardhi, kina sauti. Kwa usalama napenda mpango huo. Kinachonisikitisha ni kwamba gharama za kijiji kama hicho hubebeka kwa wenye wahitimu matajiri tu, na vyama vidogo hubaki nje ya uzio.

Na hapa niseme jambo ambalo mdogo wako akiwa Mwafrika lazima alijue. Vyama hivi vya upande wa wanafunzi Weusi, vile tisa vikubwa, havikosi nyumba kwa uvivu. Kappa Alpha Psi ilianzishwa Indiana University mwaka 1911, wakati mwanafunzi Mweusi hakuruhusiwa kulala bweni la chuo. Alpha Phi Alpha ilizaliwa chuo cha Cornell mwaka 1906 katika upweke huohuo. Benki ziliwanyima mikopo, mitaa ikawakataa. Vyama vya Wazungu vilipokuwa vinarithishana majengo, wao walikutana sebuleni kwa watu. Ndiyo maana katika vyuo vingi leo utaona vibao au bustani yenye nembo zao, bila nyumba nyuma yake. Pale University of Alabama sororiti za Wazungu zilikuja kufungua milango kwa wasichana Weusi kwa wingi wa kuonekana mwaka 2013, baada ya wanafunzi kuandamana. Kwame Nkrumah wa Ghana na Nnamdi Azikiwe wa Nigeria walikuwa wanachama wa Phi Beta Sigma, kimojawapo cha vyama hivyo tisa. Akitaka udugu, asifikiri upo kwenye zile nyumba za nguzo nyeupe peke yake. Awatembelee na hawa pia, hata kama hawana kitanda cha kumpa.

Jambo la viza. Kama yuko kwa F-1, yaani viza ya mwanafunzi, kazi anayoruhusiwa ni ya chuoni, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Nyumba ya fraterniti ni mali binafsi, hivyo kazi ya kuosha vyombo kule, hata ya kulipwa chakula, inaweza kumharibia viza. Wenzake raia watamwambia haina shida kwa sababu kwao haina. Aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni aulize kwanza.

Mwisho, Krismasi. Nyumba nyingi hufungwa likizo ya Desemba hadi katikati ya Januari, moto wa kupasha nyumba unapunguzwa, jiko halipo, matroni ameenda kwao. Wamarekani wanarudi nyumbani. Mtoto wa Mbeya anaenda wapi? Mimi na mume wangu tumepokea wengi, tukala pilau pamoja, lakini si kila mji una familia ya kwetu. Aulize sasa. Na wewe nitumie pembeni jina la chama na nakala ya mkataba bila jina lake, niusome Jumapili nikitoka kanisani.