Samaki naye ni mshale

Ndugu yangu, umeuliza mabango ya kituo cha mabasi na kivuko yachukue sura ya bahari kiasi gani bila kumpoteza msafiri. Wazo ni zuri sana, ila bahari ipe kazi, isiwe pambo tu. Mwaka 1969 metro, yaani treni za chini ya ardhi, ya Mexico City ilipofunguliwa, kila stesheni ilipewa picha yake, iliyochorwa na Lance Wyman, mbunifu wa michoro kutoka Marekani, hata asiyejua kusoma akafika. Fanya hivyo: mlango huu pweza, ule kasa, ule kaa. Chewa na changu usiwaweke pamoja, kwa mbali wanafanana. Na chunga sana hili: samaki anayetazama kushoto, macho humsoma kama mshale wa kushoto. Nimeona watu wakigeuka kwa sababu hiyo.

Mawimbi yabaki ukutani, yasipite nyuma ya maandishi. Herufi nyeupe juu ya buluu iliyokoza, urefu wa sentimita 10 kwa anayesoma akiwa mita 30 hivi. Fremu ziwe za alumini. Chumvi ya pwani hula chuma upesi. Kisha mpe mgeni mzee mchoro, umwombe atafute kivuko peke yake, nawe utazame anaposita.