Ukifika Denmark kusomea majengo, anza na mota

Wadogo zangu mnaokuja huku kusomea usanifu majengo au kushika kazi kwenye ofisi za michoro, tofali litawavutia wote. Mimi nawaomba muangalie kwanza kilicholishika: mota, ule mchanganyiko unaounganisha tofali na tofali.

Mwezi wangu wa pili kazini nilipewa kuchora kipande cha ukuta, kutoka msingi hadi dirisha la kwanza. Nikachora kama nilivyozoea Dar: tofali, mota ya saruji, kazi imeisha. Msimamizi wangu, mama mtu mzima aliyeanza maisha kama fundi mwashi, akaweka kidole kwenye mstari wa mota. "Hili tofali litatokaje?" Nikadhani Kidenmark kimenipiga chenga. Litoke liende wapi?

Akanishusha stoo na kunipa nyundo na vipande viwili vya ukuta uliobomolewa. Cha kwanza kilikuwa cha zamani, cha mota ya chokaa. Nikagonga mara mbili, mota ikamomonyoka kama biskuti, tofali likabaki zima mkononi, tayari kujengewa tena. Cha pili kilikuwa cha saruji. Hapo nilipogonga, lililopasuka ni tofali.

Ndiyo maana nyumba za Resource Rows pale Ørestad, Copenhagen, zilizokamilika 2019, zina kuta zenye viraka kama kanga zilizoungwa. Kampuni ya usanifu majengo ya Lendager ilichukua matofali ya majengo ya zamani, yakiwemo ya kiwanda cha bia cha Carlsberg. Saruji ilikuwa imeyashika mno, hayakuweza kuchambuliwa moja moja, basi wakakata ukuta kwa msumeno vipande vya mita moja kwa mita moja na kuvipanga upya. Watu huja kupiga picha. Mimi kila nikipita naiona ile nyundo.

Msidhani ni mapenzi ya vitu vya kale tu. Tangu 2023, jengo jipya la zaidi ya mita za mraba 1,000 liliwekewa kikomo cha kilo 12 za hewa ukaa kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, hesabu ya miaka 50, na 2025 kikomo kikakazwa zaidi. Tofali jipya limepita kwenye tanuri, kwa hiyo linakula sehemu ya hesabu hiyo kabla hujaligusa. Jifunzeni kuipiga hesabu hii mapema, maana ofisini ndiyo watakayowauliza kabla ya uzuri wa mchoro.

Ukuta wenyewe huitwa hulmur: tofali nje, pamba ya kuzuia baridi katikati, na ndani mara nyingi zege iliyotengenezwa kiwandani. Unene unafika sentimita 40 na zaidi. Hakuna lipu ya kuficha makosa, tofali linabaki wazi, na fundi akikosea mstari mmoja mtaa mzima unaona.

Sisi wa pwani tuna mtaji hapa, na wengi wetu tunauonea haya. Chokaa ndiyo iliyojenga Mji Mkongwe na Lamu. Makuti nayo yasituaibishe: kituo cha bahari ya Wadden karibu na Ribe, kazi ya msanifu majengo Dorte Mandrup ya 2017, kimeezekwa kwa matete, na matete hayo yanashuka hadi kwenye kuta. Kisiwani Læsø waliezeka kwa nyasi za baharini, na 2013 ikajengwa nyumba mpya yenye nyasi hizo zikiwa zimefungwa kwenye nyavu. Niliposema kwetu bibi alijua kusuka makuti, meza nzima iliacha kahawa ikanisikiliza.

Ule mchoro wangu niliurudia mara nne. Mara ya pili niliweka chokaa. Mara ya tatu ulirudi kwa sababu nilisahau kuacha matundu chini ya tofali la nje, mahali mvua iliyopenya inapotokea kabla haijaganda na kulimenya tofali ngozi.