Mshtuko wa sepsisi kwenye ripoti ya ubora: nani ahesabiwe?

Dada, nalirudia swali lako kwa kifupi ili wengine wafuate. Timu yenu ya ubora hapo Bagamoyo inapitia mafaili ya robo mwaka, na mmegongana juu ya faili moja: mama wa miaka 46, kilo 54, nimonia. Presha ilikuwa chini, akawekewa dripu, ikapanda kidogo, ikashuka tena. Lakteti (kemikali ya damu inayopanda mzunguko wa damu ukidhoofika) haikupimwa, noradrenalini (dawa ya kupandisha presha) haikuwepo wodini, na asubuhi daktari kaandika "mshtuko wa sepsisi", yaani maambukizi yaliyovuruga mwili hadi presha kuanguka. Mmoja wenu anasema ahesabiwe kwa sababu daktari kaandika. Mwingine anasema bila lakteti hakuna mshtuko.

Wote wawili wana hoja, ila kila mmoja anashika fasili yake, na fomu yenu haijasema inatumia ipi. Anzia hapo kabla ya kufungua faili jingine lolote.

Fasili zinazozunguka kwenye fomu zetu za Tanga na Pwani ni mbili. Ya kwanza imetoka CMS, taasisi ya serikali ya Marekani inayosimamia bima za Medicare na Medicaid. Kiashiria chao kinaitwa SEP-1, na hospitali za kule zilianza kukiripoti Oktoba 2015. Kwao mgonjwa lazima kwanza awe na sepsisi kali: daktari ameandika kwamba anashuku maambukizi, kuna angalau dalili mbili kati ya nne (joto zaidi ya 38.3 au chini ya 36, mapigo zaidi ya 90, pumzi zaidi ya 20 kwa dakika, chembe nyeupe zaidi ya 12,000 au chini ya 4,000), na kiungo kimoja kimeanza kushindwa kazi. Yote matatu yakutane ndani ya saa 6. Juu ya hapo, ili uitwe mshtuko, ama lakteti iwe milimoli 4 kwa lita au zaidi, ama presha ibaki chini (namba ya juu chini ya 90, au MAP, yaani wastani wa presha, chini ya 65) ndani ya saa moja baada ya dripu ya mililita 30 kwa kilo kwisha. Maandishi ya daktari kwamba huyu ana mshtuko wa sepsisi nayo yanatosha.

Ya pili ni ya mwaka 2016, inaitwa Sepsis-3. Hiyo inataka vitu viwili kwa pamoja: mgonjwa anahitaji dawa ya kupandisha presha ili MAP ifike 65, na lakteti imezidi 2, licha ya kupewa maji ya kutosha. Kimoja kikikosekana, hahesabiwi. Ndiyo maana hospitali isiyo na lakteti wala noradrenalini ikitumia Sepsis-3 itaripoti karibu sifuri kila robo, na mtu wa mkoani anaweza kudhani mna huduma ya ajabu.

Kwa hospitali zetu nyingi ningechukua mfumo wa ile ya kwanza na kuurekebisha kwa maandishi, kwa sababu unaweza kuthibitishwa kwa mashine ya presha na saa ya ukutani. Halafu wachache waliopimwa lakteti na kupata noradrenalini wawekewe safu yao pembeni. Kosa baya kuliko yote ni kuhesabu wagonjwa kwa fasili moja na vifo kwa nyingine. Asilimia inayotoka hapo haina maana yoyote.

Sasa tulisome faili lenyewe kama ulivyolinakili. Saa 3:10 usiku: presha 82/46, mapigo 118, joto 38.9. Saa 3:30 daktari wa zamu kaandika nimonia. Saa 3:40: 84/50. Dripu imeanza 3:50, chupa tatu za mililita 500, ya mwisho imekwisha 6:20. Saa 6:35: 92/48. Saa 7:05: 88/50. Baada ya hapo hakuna kipimo hadi saa 12 asubuhi. Kreatinini (kipimo cha figo) 184, karatasi ya maabara imechapishwa 22:50.

Sepsisi kali inahesabiwa tangu 3:30 usiku, pale kigezo cha mwisho kati ya vile vitatu kilipokamilika. Presha ya 82 ilishatosha kuwa kushindwa kwa kiungo, kwa hiyo kreatinini ya baadaye haiisogezi saa hiyo. Tahadhari lakini kwenye kreatinini: kizingiti cha SEP-1 ni miligramu 2.0 kwa desilita, na maabara nyingi zetu hutoa mikromoli kwa lita. 2.0 ni sawa na mikromoli 177. Mkaguzi akiona 184 bila kutazama kipimo ataona janga, akiona 1.9 akadhani ni kipimo kilekile atachanganyikiwa. Na kama mgonjwa ana ugonjwa sugu wa figo unaojulikana, kreatinini yake ya kila siku haihesabiwi hapa.

Maji: 30 mara 54 ni mililita 1,620. Alipata 1,500. Je, amekosa? Hapana, SEP-1 inaruhusu upungufu wa hadi asilimia 10, yaani 1,458 inatosha. Maji yanayohesabiwa ni yale yaliyokwenda kwa kasi ya zaidi ya mililita 125 kwa saa. Dripu ya kuendesha dawa tu haihesabiwi. Yake ilikwenda kama 600 kwa saa.

Saa ya kuamua ni kati ya 6:20 na 7:20. Ndani yake kuna vipimo viwili vinavyofuatana. Cha pili, 88, kiko chini wazi. Cha kwanza ndicho kilichowagonganisha, kwa sababu 92 imepita 90. Kokotoa MAP: jumlisha namba ya juu na mara mbili ya namba ya chini, gawa kwa 3. 92 na 96 ni 188, gawa kwa 3 unapata 62.7. Iko chini ya 65. Kwa hiyo vyote viwili ni presha ya chini, na kwa SEP-1 mshtuko umetimia saa 7:05 usiku, daktari aandike asiandike. Kwa Sepsis-3 hawezi kuingia, maana lakteti wala dawa ya presha havipo. Kwenye safu hiyo andika "haikupimika"; usiandike "hapana".

Kama kipimo cha 7:05 kisingekuwepo, mngebaki na kipimo kimoja cha chini, na kimoja hakithibitishi kitu. Hapa ndipo mafaili mengi yanapofia. Muuguzi mmoja ana wagonjwa wengi, dripu inakwisha, inafungwa, na presha inapimwa tena zamu inapobadilika. Mgonjwa alikuwa na mshtuko kweli, lakini faili haliwezi kuusema. Dawa yake ni ya bei nafuu: anayefunga chupa ya mwisho aandike saa, apime hapo hapo, na arudie baada ya dakika 30. Mistari miwili kwenye chati.

Kuhusu saa, nitakaa hapo kidogo kwa sababu ndiko ripoti zinakoharibika bila mtu kujua. Wauguzi wanaandika saa ya Kiswahili, maabara na kompyuta zinaandika saa 24. "3:10" bila neno "usiku" mkaguzi anaiingiza kama 03:10. Tofauti ni saa 6 kamili, na dirisha la vigezo ni saa 6 vilevile. Yaani mgonjwa aliyetimiza kila kitu anatupwa nje ya dirisha, au vipimo visivyohusiana vinaletwa ndani. Mtego wa pili ni tarehe. Saa 6:20 usiku kwa kompyuta ni tarehe mpya, lakini muuguzi wa zamu ya usiku anaendelea na tarehe aliyoanzia kazi. Kabla ya kuingiza faili, chukua tukio moja lililoandikwa pande zote mbili, mfano saa sampuli ilipochukuliwa na saa ilipopokelewa maabara, ulinganishe. Zikipishana saa 6 au siku nzima, geuza faili zima kwenda saa 24 kwa kalamu nyekundu pembeni, ndipo uhesabu.

Waliokuja kwa rufaa ni kundi la peke yao. SEP-1 inawaondoa waliohamishwa kutoka hospitali nyingine. Sisi tukiwaondoa wote waliotoka zahanati na vituo vya afya tutabaki na wachache mno. Ningewaweka, ila kwenye mstari wao, na saa ya kuanzia isianzishwe upya getini kwenu: kama barua ya rufaa ina presha, kiasi cha maji na saa, hivyo vinatumika. Barua ikisema tu "kapewa dripu", maji hayo ni sifuri kwa ripoti. Mpigieni simu aliyeandika siku hiyohiyo, baada ya mwezi hatakumbuka.

Malaria nayo. SEP-1 haihesabu maambukizi ya vimelea kama haya. Sepsis-3 haibagui aina ya kijidudu. Ukanda wetu huu wa pwani ukiiacha nje bila kusema, robo ya mvua na robo ya kiangazi hazilinganishiki. Ukiiweka ndani bila kuitenga, lakteti itakupotosha, maana malaria kali yenyewe inaipandisha. Wekeni safu ya malaria chanya au hasi, basi.

Lakteti inapandishwa na mengine pia: degedege lililotoka kuisha, salbutamoli nyingi, dripu ya adrenalini. Hospitali inayotumia adrenalini kwa kukosa noradrenalini ichukue sampuli kabla ya kuianza. Na damu iliyokaa kwenye chupa ya kawaida inaendelea kutengeneza lakteti; itumie chupa ya floridi yenye kifuniko cha kijivu, au ipimwe mara moja. Maabara ikitoa jibu kwa miligramu, 18 ndiyo 2, na 36 ndiyo 4.

Msio na lakteti kabisa, kuna kipimo cha kidole, ambacho miongozo ya kimataifa ya 2021 inakitaja kama msaada wa kuongoza matibabu. Chukua kioo cha hadubini kutoka maabara, bonyeza upande wa ndani wa ncha ya kidole cha shahada cha kulia hadi ngozi ipauke, shikilia sekunde 10, achia, hesabu. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, si kawaida. Utafiti wa ANDROMEDA-SHOCK wa 2019 ulitumia njia hiyo. Iandikeni, lakini msiiingize mahali pa lakteti kwenye fasili. Haikutungwa kwa kazi hiyo.

Wajawazito msiwapime kwa vizingiti hivi. Kuanzia wiki 20 hadi siku ya 3 baada ya kujifungua, SEP-1 yenyewe inabadilisha: mapigo zaidi ya 110, pumzi zaidi ya 24, chembe nyeupe zaidi ya 15,000, presha ya juu chini ya 85, kreatinini zaidi ya 1.2, yaani mikromoli 106. Mkitumia za kawaida, nusu ya wodi ya wazazi itaonekana ina sepsisi. Watoto waacheni nje ya jedwali hili. SEP-1 ni ya miaka 18 na zaidi, na watoto wana vigezo vyao vya Phoenix vya 2024.

Jambo ninaloliogopa kuliko kukosea hesabu ni ripoti kugeuka amri ya matibabu. Mkiweka kiashiria cha "asilimia waliopewa mililita 30 kwa kilo", zamu zitajaza maji ili asilimia ipande. Huku kwetu tuna sababu ya kusita. Utafiti wa FEAST, uliotoka 2011, ulikuwa na kituo hapa Muheza, hospitali ya Teule: kati ya watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, waliopewa maji ya haraka walikufa asilimia 10.5 hivi ndani ya saa 48, wasiopewa 7.3. Lusaka, utafiti uliochapishwa 2017 kwa watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wenye VVU, waliopata mpango wa maji mengi walikufa asilimia 48.1 na wengine 33.0. Kwa hiyo maji yabaki kwenye fomu kama kiasi na saa, ili kujua dirisha la presha linaanzia wapi, na daktari aliyetoa pungufu aandike sababu. Kiashiria cha kujipima nacho kiwe antibayotiki ndani ya saa 1 tangu mshtuko kutambuliwa, na presha kurudiwa wakati dripu inakwenda.

Mafaili msiyatafute kwa utambuzi ulioandikwa kwenye rejesta ya MTUHA (mfumo wa taarifa za afya) peke yake, mtapata nimonia na homa tu. Pitieni rejesta ya vifo, daftari la zamu, waliohamishiwa chumba cha uangalizi maalumu, na daftari la famasia la adrenalini na noradrenalini. Kila faili lisomwe na watu wawili bila kuambiana. Mkitofautiana kama mlivyotofautiana kwa huyu mama, aamue wa tatu, na uamuzi uandikwe kwenye daftari moja pamoja na sababu yake, mfano "92/48 inahesabiwa chini kwa MAP", ili faili la namna hiyo likija robo ijayo lisomwe vilevile hata kama wasomaji ni wengine.