Muulize Bibi Shamba: Mboji iliyoiva haijulikani kwa mfuko

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Mimi ni kijana wa Tanga, nafanya kazi Toronto, Kanada. Huku sheria inaruhusu kupanda bangi nyumbani, nami nina miche mitatu kwenye vyungu, huku kwenye roshani. Sitaki mbolea za chupa. Nilinunua mfuko wa mboji ulioandikwa "asilia", nikachanganya nusu kwa nusu na samadi ya kuku niliyopewa na mtu anayefuga, nikapanda. Haukupita muda ncha za majani zikaungua na miche ikadumaa. Nibadili mfuko au nitengeneze mboji yangu? Naomba usinikasirikie kwa swali hili.
– Msomaji, Toronto

JIBU: Marahaba mwanangu. Sijakasirika. Katika ugani nimeulizwa habari za mmea huo kwa kunong'onezwa mara nyingi kuliko unavyodhani, na wewe angalau umeuliza kwa sauti. Lakini tuanze na sheria. Ruhusa ya Kanada, iliyoanza tarehe 17 Oktoba 2018, ni miche minne kwa kaya, si kwa kila kichwa. Kama mnaishi vijana wanne nyumba moja, bado ni minne. Ontario wanataka uwe umetimiza miaka 19. Mwenye nyumba naye anaweza kuwa ameweka lake kwenye mkataba, kwa hiyo usome. Na ukihamia Quebec uiache miche nyuma: jimbo lile linakataza kupanda nyumbani, na Mahakama ya Juu ya Kanada iliwakubalia mwaka 2023.

Sasa tuje kwenye udongo. Kilichounguza majani yako ni samadi ya kuku. Kuku hana mkojo wa pembeni kama ng'ombe. Vyote hutoka pamoja, na ndiyo maana samadi yake ina naitrojeni nyingi na chumvi nyingi. Ikiwa mbichi hutoa amonia inayochoma mizizi. Shambani mvua ingeisaidia kuzamisha hiyo chumvi chini. Kwenye chungu haina pa kwenda, inabaki inazunguka na mizizi. Mwagilia maji mengi mpaka yatiririke kwa chini, urudie tena, au uhamishie miche kwenye mchanganyiko mpya. Na huo mpya usiwe nusu kwa nusu. Mboji iliyoiva, hata iwe nzuri namna gani, naiweka robo ya chungu au pungufu kidogo. Zinazobaki ni udongo mwepesi na kitu cha kupitisha hewa. Huko madukani mtauziwa makumbi ya nazi yaliyosagwa, kwa bei ambayo watu wa kwenu Pangani wakiisikia watacheka mpaka kesho. Nunua tu, yanafaa, ila yaoshe kwanza kama mfuko hausemi yameshaoshwa, maana nayo huja na chumvi.

Kuhusu neno "asilia" kwenye mfuko: linakuambia kilichoingia kimetoka wapi, halikuambii kama kimeiva. Hata kinyesi cha asubuhi hii ni asilia. Mboji iliyoiva ni nyeusi au kahawia iliyokoza, hutambui tena kama hili lilikuwa jani na lile ganda, na hainuki mkojo wala uchachu. Kama pua yako haina uhakika, chukua konzi moja yenye unyevu, funga kwenye mfuko wa plastiki, iache ndani ya nyumba siku tatu. Fungua unuse. Ikitoa harufu ya amonia au ya kitu kilichochachuka, haijaiva. Iache iendelee kukaa, mwezi au hata miwili, huku ukiigeuza.

Jaribio la pili ndilo ninalokusisitizia zaidi wewe uliye huko. Kuna viuagugu vinavyopigwa malishoni, aminopiralidi na klopiralidi, vyenye tabia mbaya sana: ng'ombe au farasi anakula nyasi, dawa inapita tumboni mwake bila kuvunjika, inatokea kwenye samadi, inaingia kwenye mboji, na hata joto la biwi haliimalizi. Mwenye kuuza mfuko anaweza asijue kabisa. Maharage yanajua. Jaza vyungu vitatu vya mboji iliyochanganywa na udongo wako wa kawaida, na vitatu vingine vya udongo huo mtupu, panda maharage kote, subiri wiki tatu. Yakitoka kwenye mboji yamejikunja, majani yamefumba kama kikombe na shina limepinda, mboji hiyo usiiweke kwenye chungu chochote cha nyanya, maharage, wala hiyo miche yako. Jaribio hili ni la bei ya konzi ya maharage, na sijui kwa nini watu hulikwepa.

Tena mmea wako una jambo lake. Bangi, pamoja na ndugu yake anayelimwa kwa ajili ya nyuzi, huvuta metali nzito kutoka ardhini: kadimi, risasi na nyinginezo. Wataalamu waliwahi kupanda huyo wa nyuzi katika maeneo ya Chernobyl kujaribu kusafisha ardhi iliyochafuliwa. Kwa hiyo mboji yake ichunguzwe kuliko ya mahindi, kwa sababu kinachovutwa na mizizi kitaishia kwa anayevuta au anayekula. Usitie majivu ya mbao zilizopakwa rangi au kutiwa dawa. Usitie majani yaliyofagiliwa kandokando ya barabara kubwa. Na pipa la kijani la jiji lenu, linalopokea mpaka nepi za watoto, usichote humo ukidhani ni mboji.

Utengeneze yako? Ndiyo, lakini si biwi. Biwi la moto linahitaji kama meta moja kila upande ili lishike joto, na roshani haikupi nafasi hiyo, achilia mbali baridi ya huko. Fuga minyoo ya mboji, ile myekundu myembamba, si nyungunyungu wa shambani. Sanduku lenye matundu, maboksi yaliyochanwachanwa na kuloweshwa, maganda ya jikoni kidogokidogo, bila nyama wala mafuta. Inapenda nyuzijoto 15 hadi 25, kwa hiyo majira ya baridi uiingize ndani ulale nayo. Kinyesi chake ni laini na hakiunguzi. Sehemu moja kwa kumi ya chungu inatosha. Miche ikishaanza kutoa maua usiongeze samadi yoyote, maana naitrojeni ikizidi utapata majani. Na hiyo "chai ya mboji", yaani maji yaliyolowekwa mboji na kutiwa sukari guru, ninayoona vijana wakiisifia, usinyunyizie maua hata kidogo. Sukari ile inakuza bakteria wasiochagua kati ya wema na wabaya, na unyevu ndani ya ua unaleta ukungu wa kijivu.

SWALI: Bibi Shamba, nipo Arumeru. Wazee wetu walikuwa wakipanda bangi shina moja au mawili nyuma ya zizi kwa ajili ya kuwapa kuku wakiugua kideri. Nikiotesha shina moja tu kwa mboji, bila kuuza, kuna ubaya?
– Mfugaji, Arumeru

JIBU: Upo. Tanzania sheria haihesabu mashina. Moja ni kosa la jinai, na wewe unaishi wilaya ambayo maofisa wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya wanaijua njia yake mpaka kileleni. Hata mjadala wa sheria tukiuweka kando, kuku wako watakufa vilevile. Kideri ni ugonjwa wa virusi, na hakuna jani linaloutibu. Nenda duka la mifugo uombe chanjo ya I-2, ile inayovumilia joto. Tone moja kwenye jicho moja la kila kuku, mkubwa kwa kifaranga, urudie kila baada ya miezi mitatu. Chanjeni mtaa mzima siku moja, maana kuku wa jirani hasomi mipaka ya uzio. Mboji yako iweke kwenye mgomba.

SWALI: Nina biwi la maganda ya machungwa, mabaki ya mboga na majani ya mchicha. Linanuka mayai viza mpaka mume wangu amesema nichague, biwi au yeye. Nimelifunika na turubai vizuri kabisa. Nimekosea wapi?
– Mama wawili, Kibaha

JIBU: Hilo turubai ndilo. Harufu ya mayai viza ni ya biwi lililokosa hewa na kujaa maji. Vyote ulivyotaja ni vibichi na vina maji mengi. Hapo hakuna kikavu hata kimoja. Lichambue leo, ukiwa umefunga kitambaa puani, ulijenge upya: tabaka la mabua, majani makavu ya migomba au pumba za mpunga, halafu tabaka la maganda, halafu konzi chache za udongo wa bustani au samadi ya zamani kwa ajili ya vijidudu vyake. Kwa ujazo, vikavu viwe mara mbili ya vibichi. Maranda ya mbao yasizidi, yana kaboni nyingi mno na yataliweka biwi bila kuoza mpaka watoto wamalize darasa.

Unyevu ujaribu kwa kiganja: ukikamua konzi, matone mawili matatu yatoke, si mkondo. Ukiona ni kavu, nyunyiza maji unapogeuza. Siku chache baada ya kulijenga, chomeka fimbo mpaka katikati, iache robo saa, ichomoe uishike. Ikiwa ya moto kiasi cha kutoweza kuishika sana, umefika nyuzi 55 na kuendelea, joto linaloua mbegu za magugu na vimelea vingi. Geuza kila wiki, cha nje kiingie ndani. Likipita nyuzi 70 geuza hata kabla ya wiki, kwa sababu hapo unawaua na wale wanaokufanyia kazi.

Kama kugeuza ni kazi ngumu mno kwako, kuna njia ya Wamatengo. Nilipokuwa Mbinga niliona mashamba ya ngoro: nyasi zinafyekwa, zinalazwa kwa mistari inayokatana kama viraka vya mkeka, halafu udongo unafukuliwa katikati na kufunika nyasi. Nyasi zinaoza palepale mahindi na maharage yanapokua juu yake, na ule mtelemko hauliwi na mvua. Wewe bustani yako ni tambarare, basi chimba mfereji wa kina cha mkono mpaka kiwiko, zika taka zako za jikoni na majani makavu, funika udongo, panda maboga juu yake baada ya miezi miwili. Halinuki, na mume anabaki.

Turubai lirudishe, lakini liwe juu ya fito, lisiguse biwi, na lifunguliwe pande zote. Kazi yake ni kuzuia mvua ya masika tu.