Maswali Yenu ya Kompyuta: Nyota Zinazokataa Kupangika

SWALI: Ndugu wahariri, habari za kazi. Ndiyo kwanza naanza Python, lugha ya kuandikia programu. Zoezi linataka pembetatu: mstari wa kwanza nyota moja, wa tano nyota tano. Mimi napata nyota zilizojipanga wima, moja chini ya nyingine. Nimeandika hivi:

```
for m in range(1, 6):
    for n in range(m):
        print("*")
```

*Mwanafunzi, Nkuhungu, Dodoma*

JIBU: Zihesabu hizo nyota. Ukikuta 15, lupu zako (mizunguko ya `for`) ni nzima, maana 1+2+3+4+5 ni 15. Tatizo ni `print`: kila inapomaliza kuandika huteremka mstari mpya. Izuie kwa `end=""`, halafu iteremshe wewe mwenyewe mstari ukishajaa:

```
for m in range(1, 6):
    for n in range(m):
        print("*", end="")
    print()
```

Iangalie vizuri hiyo `print()` ya mwisho, kwa sababu wengi hukwama hapo. Ina nafasi nne kutoka ukingoni, yaani imo ndani ya lupu ya nje lakini iko nje ya lupu ya ndani. Ukiisogeza hadi nafasi nane, nyota zinarudi kusimama wima. Ukiileta ukingoni kabisa, nyota zote 15 zinalala kwenye mstari mmoja. Katika hali zote mbili Python haitalalamika, kwa kuwa kisarufi hakuna kosa.

Kumbuka pia kwamba `range(1, 6)` huishia 5. Anayeandika `range(1, 5)` hupata mistari minne, na anayeandika `range(5)` huanzia sifuri, hivyo mstari wake wa kwanza unatoka mtupu.

Ipo njia ya mkato, `print("*" * m)`, inayoondoa lupu ya ndani. Usiikimbilie kabla hujaielewa ile ndefu. Ukihamia lugha ya C hutaikuta.

SWALI: Wahariri, huku kwetu ni zabibu, kwa hiyo nimetaka kuchora kichala kwa herufi o: juu kipana, chini kimechongoka. Nimeandika `for m in range(5, 0):` na hakuna kinachotokea. Si kichala, si kosa. Simu imeharibika?

*Msomaji, Hombolo*

JIBU: Simu yako haina neno. Usipoiambia vinginevyo, `range` hupanda moja moja. Kutoka 5 huwezi kupanda ukafika 0, basi lupu inarukwa kimya kimya. Ongeza hatua ya kushuka: `range(5, 0, -1)` inatoa 5, 4, 3, 2, 1.

Sasa umbo. Kabla ya kugusa kibodi, chukua karatasi uandike kila mstari una nafasi ngapi na herufi ngapi. m ikiwa 5: nafasi 0, herufi 9. Ikiwa 4: nafasi 1, herufi 7. Ikiwa 1: nafasi 4, herufi 1. Hapo kanuni inajitokeza yenyewe: nafasi ni 5 - m, herufi ni 2 × m - 1.

```
for m in range(5, 0, -1):
    print(" " * (5 - m) + "o" * (2 * m - 1))
```

Mabano hayo si mapambo. Ukiandika `" " * 5 - m`, Python inazidisha kwanza, kisha inajaribu kutoa namba kwenye maandishi, na unapata `TypeError`.

Ukitaka mtumiaji achague kimo, andika `kimo = int(input("Kimo: "))` na uweke `kimo` kila palipo na 5. Bila `int`, jibu la `input` ni maandishi hata kama mtu ameandika 7, na `range` haipokei maandishi. Akiandika "saba" kwa herufi utaona `ValueError`.

Kichala kikionekana kimepinda, kague fonti kabla ya kuilaumu kanuni. Fonti za kawaida huipa nafasi tupu upana mdogo kuliko herufi. Chagua yenye upana sawa kwa kila alama, kama Courier.

SWALI: Rafiki alinitumia kodi ya Python kwa WhatsApp. Kwake inakwenda, kwangu inasema `SyntaxError: invalid character '“' (U+201C)`. *Mpwapwa*

JIBU: Hizo ni alama za nukuu zilizopinda. Python inataka zilizonyooka. Zifute uziandike upya moja moja, na kama kibodi ya simu inazipinda yenyewe, zima mpangilio huo. Kagua na nyota pia: WhatsApp huzitumia kukoleza maandishi, na nyingine zinaweza kutoonekana. Afadhali rafiki yako atume faili lenyewe la `.py` kama dokumenti.

SWALI: Naambiwa kosa liko mstari wa 4. Nimeukagua mpaka macho yameuma, hauna kosa. *Kondoa*

JIBU: Tazama mstari wa 3. Bano lisilofungwa huifanya Python iendelee kusoma hadi mstari unaofuata ndipo ishtuke. Kuanzia toleo la 3.10 hukuonyesha bano lenyewe na kusema `'(' was never closed`. Kama hupati ujumbe huo, huenda toleo lako ni la zamani: andika `import sys`, kisha `print(sys.version)`.